MTOTO WA MFANYA KAZI NA MLANGO WA HOSPITALI



Kila mwaka matokeo ya mtihani yakitangazwa, wazazi huja kwa wingi katika ofisi za matawi yetu. Hawaji kuuliza habari za mshahara wala za likizo. Waja na matokeo ya mtoto, na swali lao ni moja: huyu sasa aende wapi? Na mara nyingi twasikia maneno haya: "Alitaka kuwa daktari, lakini alama hazikutosha, basi."

Neno hili "basi" ndilo tunalolipinga leo. Twalipinga kwa sababu linafunga mlango ambao haukufungwa na mtu mwingine ye yote. Mzazi anadhani katika hospitali mna watu wawili tu, daktari na nesi, na mtoto asipopata kuwa mmoja wao hana nafasi pale. Jambo hilo si kweli, na hasara yake yawaangukia watoto wetu sisi kwanza, maana mtoto wa mkubwa ana mjomba wa kumweleza, na mtoto wa kibarua hana.

Tuchukue mfano wa mwenzetu aliyekatwa na mashine kiwandani. Hebu tuwahesabu wanaomshika. Wa kwanza ni wale wa ambulansi, waliofundishwa kuzuia damu na kumbeba mtu bila kumzidishia maumivu. Hospitalini hupokewa na afisa wa kliniki, ambaye wengi wetu humwita daktari tu, naye ndiye atibuye wagonjwa wengi katika vituo vya mashambani. Nesi amsafisha na kumwangalia usiku na mchana. Mpiga eksirei aonyesha mfupa ulipovunjika. Mtu wa maabara apima damu na kutafuta ya kumwongeza. Mtu wa dawa atoa dawa kwa kipimo. Mtaalamu wa ganzi amlaza ili asisikie kisu cha mpasuaji. Akipata nafuu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo amfundisha kukunja vidole tena, na kama mkono umekwenda, yuko fundi wa kutengeneza mkono wa bandia. Mtaalamu wa lishe asema ale nini. Fundi wa mitambo aangalia kwamba zile mashine zote zafanya kazi. Na mtunza kumbukumbu aweka faili, lile lile ambalo Chama chetu kitalihitaji tutakapodai fidia yake.

Kati ya hao wote, waliosoma udaktari ni mmoja au wawili. Wengine wote wana kazi zao, mafunzo yao na vyeti vyao, na mmoja akikosekana mgonjwa huumia. Basi mtoto asiyepata alama za udaktari bado ana milango kumi mbele yake.

Je, aingie vipi? Chuo kikubwa cha umma cha kazi hizi ni Kenya Medical Training College, yaani KMTC, kilichoanza mwaka 1927 na leo kina matawi zaidi ya 70 nchini. Kwa masomo mengi ya diploma, ambayo huchukua miaka 3 hivi, chuo hicho hutaka alama ya C katika mtihani wa KCSE, na kwa masomo ya cheti C-. Lakini angalieni sana: si alama ya jumla tu inayotazamwa. Mtoto anayetaka uuguzi au maabara ataulizwa alipata nini katika Biolojia, katika Kemia, katika Kiingereza au Kiswahili. Wako watoto wenye B waliokosa nafasi kwa sababu somo moja waliliacha mapema.

Kwa hivyo mashauri haya hayangoji mtihani wa mwisho. Mtaala mpya wamtaka mtoto achague njia moja kati ya tatu anapoingia sekondari ya juu: sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15 ndiye anayechagua, na akiiacha sayansi bila kujua anaacha nini, kurudi ni kazi ngumu. Ndiyo maana twasema mzazi mfanya kazi aketi na mtoto wake mapema, na asiseme "mwalimu atajua."

Anayetaka udaktari wenyewe naye tumwambie kweli. Ni miaka 6 ya chuo kikuu, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa kabla ya kupewa leseni. Afisa wa kliniki wa diploma husoma miaka 3, naye hutumika mwaka mmoja hivyo hivyo. Na mwenye diploma hakufungiwa ngazi: akiwa na bidii aweza kuendelea na masomo ya juu ya fani yake, au digrii. Aliyeanzia chini si mtu wa chini.

Tena tuache mazoea ya kusema uuguzi ni kazi ya wanawake na mitambo ni kazi ya wanaume. Mgonjwa mzito hainuliwi kwa sketi wala kwa suruali, huinuliwa kwa mikono iliyofundishwa. Kijana mwanamume mwenye moyo wa upole asichekwe, na msichana anayependa kufungua mashine aachiwe afungue.

Na wale wanaouliza mambo ya hospitali yana uhusiano gani na chama cha wafanya kazi, wakumbuke Tom Mboya. Kabla ya kuwa kiongozi wa Kenya Federation of Labour, Mboya alikuwa bwana afya. Alisomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, kati ya mwaka 1948 na 1950, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Pale alikuta Mwafrika akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile, na mwaka 1952 yeye na wenzake wakaunda chama cha wafanya kazi wa mabaraza ya miji. Kazi ya kulinda afya ya watu na kazi ya kudai haki za watu zilitoka katika ofisi moja.

Sasa tuje kwa hatari. Ya kwanza ni vyuo vya ulaghai. Utaona bango barabarani, chumba kimoja juu ya duka, na ahadi ya "kazi mara moja." Mzazi auza ng'ombe au akopa katika chama cha akiba na mikopo, mtoto asoma miaka miwili, na mwisho aambiwa cheti chake hakitambuliwi. Dawa ya hatari hii ni rahisi. Karibu kila kazi ya afya ina baraza au bodi yake kwa sheria: manesi wana Nursing Council of Kenya, maafisa wa kliniki wana Clinical Officers Council, watu wa dawa wana Pharmacy and Poisons Board, na wengine vivyo hivyo. Bila kusajiliwa na baraza hilo, mtu haruhusiwi kufanya kazi. Kabla hujalipa hata shilingi moja, uliza baraza linalohusika: je, chuo hiki mnakitambua, na kwa somo hili hasa? Chuo chaweza kutambuliwa kwa somo moja na kisitambuliwe kwa jingine. Kama jibu ni hapana, chukua fedha zako urudi nyumbani.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo hatuwezi kuificha. Wako vijana waliosoma, waliofaulu, wenye leseni, na wamekaa nyumbani. Wakati huo huo katika zahanati nesi mmoja ahudumia foleni inayofika barabarani. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba nchi yahitaji madaktari, manesi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, na Kenya haijafika hapo. Basi wagonjwa wapo, na wenye kuwatibu wapo, kinachokosekana ni bajeti ya kuwaandika kazi. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi zimo mikononi mwa serikali za kaunti 47, na kaunti yamnyoshea kidole Serikali ya taifa, na Serikali yamnyoshea kidole kaunti, na kijana yuko katikati na cheti chake.

Hata walioandikwa kazi hawakupewa haki bila kupigana. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 uliendelea siku 100, na viongozi wa chama chao wakatiwa jela kwa siku kadhaa Februari 2017. Mwaka huo huo manesi waligoma kwa miezi mitano hivi. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena siku 56, na jambo kubwa lilikuwa ni malipo na kuajiriwa kwa wale vijana wa mwaka wa mafunzo. Kila mara tuliambiwa kwamba kazi ya afya ni wito, na mwenye wito haulizi mshahara. Ndugu zangu, sisi twakubali kwamba ni wito. Lakini mwenye nyumba hapokei wito mwisho wa mwezi, wala duka haliuzi unga kwa wito. Neno zuri likitumiwa kumnyima mtu posho yake huwa ni neno la tajiri, hata likisemwa na waziri.

Wapo wanachama wanaotuambia: ikiwa hali ndiyo hii, kwa nini mnawaita watoto wetu huko? Afadhali wasomee jambo jingine. Swali hili ni la haki, na jibu letu ni hili. Kwanza, ugonjwa hautakwisha, na kazi iliyo na haja ya kweli ina nguvu ya kudai. Pili, tukiwakataza watoto wetu, hospitali hazitafungwa; zitajazwa na watoto wa wengine, na siku tutakapolala pale hapatakuwa na mtu anayejua maisha ya mtaa wetu. Tatu, ufundi huu ni mali ambayo hakuna anayeweza kumnyang'anya mtu. Wengine huenda ng'ambo nao. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya manesi wa kwenda kufanya kazi kule. Hatumlaumu anayekwenda. Twailaumu nchi inayomfundisha mtu miaka mitatu kisha ikakosa kumpa kiti.

Basi twawaomba nini?

Mzazi: usiseme "basi." Uliza masomo mapema, uliza baraza kabla ya kulipa, na ujue kwamba mikopo ya HELB hutolewa pia kwa wanafunzi wa KMTC, si wa vyuo vikuu peke yao.

Matawi: kila tawi liwatafute wanachama na jamaa zao wanaofanya kazi hospitalini, wa maabara, wa eksirei, wa kumbukumbu, hata wa jikoni na wa kufua nguo, waje siku moja ya likizo ya shule waseme na vijana wetu. Mtu mmoja anayeifanya kazi atamfaa kijana kuliko vitabu kumi. Na tawi lenye akiba lifikirie kusaidia karo ya mtoto mmoja kila mwaka, hasa mtoto wa mwanachama aliyekufa au aliyeumia kazini.

Serikali na kaunti: andikeni kazi wale mliowafundisha, na muwaandike kwa masharti ya kudumu. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja hauwezi kulea nyumba.

Na wewe kijana unayesomewa karatasi hii na mzazi wako: chagua kazi kwa sababu unaipenda na unaiweza, wala si kwa sababu ya koti jeupe. Ukishaandikwa, jambo la kwanza ni kujifunza kazi yako vizuri. Jambo la pili ni kuchukua kadi ya chama.

Umoja ni nguvu.