Simu ya Mama

Mwezi huu tunaongea habari ya vijana Wamormoni wanaotumwa nchi za mbali kuhubiri, wavulana miaka 2, wasichana miezi 18. Wanatembea wawili wawili, wanajipikia, wanajifulia, na lugha ya wenyeji wanajifunza kwa kukosea. Sisi tuliotoka Munuki, kule Juba, hayo tunayajua, ingawa hatukutumwa na mtu.

Zamani walipiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Mama tu. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kila wiki. Sisi hakuna anayetukataza, lakini mama bado yuko Munuki na huu mwezi wa tatu hatujampigia. Eti vocha! Kumbe tunaogopa atauliza tunarudi lini. Jumapili hii tunapiga. Vocha tumeshanunua.