Sumu ya panya ikimuua mbwa, mwenye nyumba ajibu

Wauza sumu ya panya, mende na kunguni wanapita mitaa ya Dar es Salaam na vipaza sauti mchana kweupe, na hakuna anayeshtuka. Mteja anatoa hela ndogo, anapewa kifuko kisicho na jina la kemikali, la mtengenezaji wala tarehe. Anachanganya na dagaa, anaweka chini ya kabati, analala. Alfajiri mbwa wa nyumba hiyo anakutwa uani akitetemeka, mate yanamchuruzika. Familia inaanza kumtafuta jirani mwenye husuda.

Mtafutwaji yumo ndani. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na aliyeutega alijua fika nani analala mlangoni pake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na amkinge na mateso. Haikumpa msamaha kwa sababu mnyama mwenyewe ni mbwa.

Kifuko hicho kisicho na lebo ndicho kinachotukera zaidi. Zipo sumu za panya zinazozuia damu kuganda. Mbwa aliyeila huonekana mzima kwa siku kadhaa, kisha anaanza kuvuja damu ndani kwa ndani, na vitamini K1 humwokoa akiwahishwa. Zipo zenye fosfidi ya zinki, ambayo ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi inayoua kwa saa chache. Hiyo haina dawa yake mahsusi, na gesi inayotoka kwenye matapishi inaweza kumdhuru hata binadamu aliyeinama kumsaidia. Tena zipo dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti, zinazoleta mate mengi, kutetemeka kwa misuli na mboni za macho kuwa ndogo. Kwa hizo daktari huhitaji atropini. Matibabu ni tofauti kabisa. Daktari wa mifugo anayeletewa mbwa bila pakiti ya sumu analazimika kubahatisha, na muda wa kubahatisha hana.

Kisha kuna tiba za uani. Maziwa hayaondoi sumu. Mafuta ya kula yanayomiminwa kwa nguvu huishia mapafuni, na chumvi nyingi ya kumtapisha nayo ni sumu kwa mbwa. Aliyekunywa mafuta ya taa au maji ya betri asitapishwe hata kidogo, maana kinachomuumiza kushuka kitamuumiza tena kupanda. Lililo baya kuliko yote, mbwa anayetokwa mate huenda hakula sumu yoyote, bali ana kichaa cha mbwa. Anayempanua mdomo kwa mikono mitupu ili amnyweshe maziwa anahatarisha uhai wake mwenyewe. Aking'atwa, au mate yakigusa kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa amepata nafuu.

Jikoni nako hakuko salama. Vitunguu na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, chokoleti humvuruga moyo, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo. Chingamu isiyo na sukari, ile yenye zailitoli, humshusha sukari ya damu ghafla. Na wapo wanaomwona mbwa akichechemea wakampa diklofenaki au ibuprofeni kutoka kwenye mkoba wa bibi, wasijue kwamba vidonge hivyo humletea vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Huo tunauita uzembe, ingawa aliyempa alimhurumia kwelikweli.

Tunamtaka kila anayefuga mbwa awe na namba ya daktari wa mifugo kwenye simu kabla ya siku ya balaa, afungie sumu kabatini, na mbwa akidhurika ampigie daktari kwanza, kisha aondoke na mbwa pamoja na pakiti. Hilo halihitaji utajiri. Anayeliona ni usumbufu aache kufuga.

Lakini mfugaji hawezi kubeba lebo ambayo haikuwapo. Kusajili viuatilifu na kuwasimamia wauzaji ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na mitaa inakouzwa sumu hiyo ina halmashauri zenye watumishi na magari. Sumu isiyo na jina haipaswi kuuzwa popote, maana dagaa wale wale wanaweza kuokotwa na mtoto anayetambaa. Mgambo wanaopata nguvu za kumwaga sufuria za mama lishe wanaweza pia kukamata kipaza sauti kinachotangaza sumu. Waanze wiki hii.