Shahada ipo, meza ya usajili inamsubiri nani?

Januari 2020 Mbwana Samatta aliposajiliwa na Aston Villa akitokea Genk, mashabiki nchini Tanzania walihesabu mabao. Kulikuwa na hesabu nyingine: kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawiwa klabu zilizomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 hadi 23.

Mhitimu wa usimamizi wa michezo anaijua kanuni hiyo, na huenda aliijibia mtihani akapata alama ya juu. Mkabidhi sasa kabati la mafaili la klabu. Fomu ya usajili ya kijana aliyehama misimu sita iliyopita iko wapi? Tarehe iliyo kwenye mkataba inalingana na ya shirikisho? Mgogoro ukifika FIFA baada ya miaka miwili tangu uzuke, dai halisikilizwi. Hapo ndipo wengi hukwama, kama wanavyokwama usiku wa mwisho wa dirisha la usajili, mkataba una kurasa zisizosainiwa na TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho wa wachezaji, haubembelezwi.

Viongozi wa klabu hupenda kusema wahitimu hawa hawajaiva. Wakaivie wapi? Mwanafunzi akienda fildi mara nyingi hutumwa kutoa kopi, kubeba katoni za maji na kupiga picha za mtandaoni (hiyo ya mwisho, tukiri, anaiweza kuliko bosi wake). Nywila ya TMS inabaki kwa katibu, naye mkufunzi anapita mara moja kugonga muhuri kwenye daftari. Kwa mpango huo, lawama haiwezi kumwangukia kijana peke yake.

Kazi zenyewe zipo. Agosti 2025, kwenye michuano ya CHAN, CAF ilipunguza idadi ya mashabiki wa kuingia uwanja wa Kasarani, Nairobi, baada ya watu kujipenyeza kwa nguvu. Kupanga mageti, kukagua tiketi na kugawa watu kwa majukwaa ni taaluma, na haifundishwi kwa slaidi.

AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda. Vyuo na mashirikisho vikubaliane mapema: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wawekwe mageti, ofisi za vibali na dawati la usajili kwa msimu mzima wa ligi, kila mmoja chini ya ofisa anayewajibika kumfundisha, na apimwe kwa faili alizozifunga, si kwa ripoti ya kurasa arobaini.