Maiti Wasiohesabiwa Hawana wa Kuwadai Haki



Kila wiki ofisi ya takwimu ya Uingereza, ONS, hutoa hesabu ya vifo vilivyosajiliwa England na Wales: wangapi wamekufa, wa umri gani, wamefia hospitali au nyumbani. Kisha hesabu hiyo hulinganishwa na idadi iliyotarajiwa kwa wiki kama hiyo. Utauliza, sasa haya yanatuhusu nini sisi wa Kenya? Yanatuhusu sana.

Turudi Aprili 2020, wakati wa korona. Katika wiki iliyoishia tarehe 17 Aprili, vifo 22,351 vilisajiliwa. Hiyo ilikuwa 11,854 zaidi ya wastani wa miaka 5, na ndiyo wiki iliyokuwa na vifo vingi zaidi tangu hesabu hizo za wiki zianze 1993. Siku hizo serikali ilikuwa ikitangaza kila siku hasa wale waliofia hospitali. Lakini jedwali la wiki lilikuwa likionyesha kitu kingine: wazee walikuwa wanakufa kwa wingi katika nyumba za kutunzia wazee. Tarehe 29 Aprili serikali ikaanza kuwaingiza hao pia katika hesabu yake ya kila siku. Waziri anaweza kuhutubia apendavyo, lakini namba ya wiki ikishatoka, kila mwandishi wa habari na kila mbunge anaishika mkononi na kuuliza maswali.

Sasa tuje kwa ndugu zetu. Madaktari 4 wa kwanza walioripotiwa kufa kwa korona Uingereza wote walikuwa Waislamu, akiwemo Adil El Tayar, mzaliwa wa Sudan, na Alfa Saadu, mzaliwa wa Nigeria. Allah awarehemu. Watu wakaanza kuuliza: je, ni sadfa tu, au jamii yetu inaumia zaidi? Cheti cha kifo cha Uingereza hakiandiki dini ya marehemu. Kwa hivyo ONS ikachukua rekodi za vifo ikaziunganisha na sensa ya 2011, ambayo iliuliza dini. Juni 2020 jibu likatoka: kati ya kila wanaume Waislamu 100,000, waliokufa kwa korona kuanzia Machi hadi katikati ya Mei walikuwa 198.9, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Kwa wanaume wasio na dini ilikuwa 80.7.

Kuna waliokimbilia kusema ni mila zao, ni misikiti yao. Namba zikawajibu. ONS ilipozingatia mahali watu wanapoishi, umaskini wa mtaa na msongamano wa nyumba, pengo lilipungua sana. Kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa makazi na maisha, na hayo ni mambo ya kudai kwa serikali. Bila ile hesabu, Waislamu wa Bradford na London Mashariki wangebaki na machozi na uvumi tu.

Na walidai kweli. Machi 2020, mswada wa dharura ya korona ulipofika bungeni, Waislamu na Mayahudi waliogopa kwamba maiti wao wangeweza kuchomwa moto. Mbunge Naz Shah wa Bradford akasimama, jamii ikapiga kelele, na serikali ikakubali kurekebisha mswada ili matakwa ya marehemu na dini yake yazingatiwe.

Nasaha kidogo kwa wale wanaosambaza grafu za vifo vya Uingereza kwa WhatsApp. Namba hizo zinafuata siku kifo kiliposajiliwa, si siku mtu alipokufa. Wiki ya Krismasi ofisi zikifungwa namba hushuka, kisha wiki inayofuata hupanda, na mtu anakuja na nadharia yake. Uislamu umetufundisha kuhakiki habari kabla ya kuibeba.

Haya, tujiangalie sisi. Kenya vifo vingi havisajiliwi kabisa, na kaunti za Mandera, Wajir na Garissa huwa miongoni mwa zilizo nyuma zaidi. Sababu ziko: ofisi ziko mbali, watu wengi hufia nyumbani, na sisi huzika haraka. Mtu anafariki alfajiri, adhuhuri tumeshamswalia. Kuharakisha janaza ni sunna na hatuiachi. Lakini sheria inataka kibali cha mazishi, na kwa aliyefia nyumbani kibali hicho hutoka kwa naibu wa chifu. Kikirukwa, mjane anakuja kuhangaika na cheti cha kifo siku ya kufuata mirathi kwa Kadhi au pesa benki. Ikipita miezi 6, masharti yanazidi.

Na kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Tukienda kwa gavana kulalamika kwamba kina mama wetu wanakufa wakijifungua, tutaambiwa tulete takwimu. Tutatoa wapi, ikiwa makaburi yetu hayamo kwenye daftari lolote?

Kwa hivyo vijana, kazi hii tuichukue sisi. Kila kamati ya msikiti iwe na kijana mmoja ambaye, wakati wengine wanachimba kaburi, yeye anashughulikia kibali na kufuatilia cheti. Na serikali nayo ilete usajili karibu na watu na iwape manaibu wa chifu fomu za kutosha, maana kusajiliwa ni haki ya raia.

Allah awarehemu waliotutangulia, na atupe nguvu ya kusimamia haki za walio hai. Amin.