Dhambi, Dhamiri na Neema: Toba Haisemwi kwa Kauli ya Kutendeka

Wahenga walinena kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii imekuwa kimbilio la wengi, kuanzia mwanafunzi aliyenaswa na kijikaratasi katika chumba cha mtihani hadi kiongozi aliyefuja mali ya umma. Atakayeichunguza kwa makini ataona kwamba inafariji, lakini haimtaji mtenda. Kosa limetendwa, nani kalitenda? Methali imenyamaza.

Katika maisha yetu ya umma ukimya huo umejipatia sarufi yake. Kiongozi akibanwa na maswali husema, "Makosa yalitendeka." Mwanafunzi wa Kiswahili hatashindwa kuitambua kauli hiyo. Twaweza kusema "makosa yalitendwa na waziri", kwa maana kauli ya kutendwa humwachia mtenda nafasi nyuma ya kitenzi. Hatuwezi kusema "makosa yalitendeka na waziri". Kauli ya kutendeka humfungia mtenda mlango. Tendo huonekana kana kwamba limezuka lenyewe, kama kuvu juu ya mkate.

Makala haya yanadhamiria kuutazama mwenendo huo kwa jicho la imani ya Kikristo. Dai langu ni moja: mbele ya Mungu, dhambi haiwezi kuungamwa kwa kauli ya kutendeka, na neema hueleweka vyema pale tu kiambishi cha nafsi ya kwanza kinaporejea mahali pake. Wako wanaodhani kwamba neema humwondolea mtu haja ya kusema "nimetenda". Mimi naona kwamba neema ndiyo humpa ujasiri wa kusema hivyo.

Tuanze na msamiati wenyewe. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kazi ya tafsiri, hakuikuta lugha isiyo na maneno ya dini. Dhambi, toba, neema, rehema na dhamiri ni maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo Waswahili Waislamu walikuwa wameyazoea karne nyingi kabla ya mmishonari kutia nanga. Hata Biblia ya Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, inayotumiwa na Waprotestanti wengi hadi leo, imejengwa juu ya msingi huo. Kwa hivyo Mkristo anayeandika kuhusu dhambi kwa Kiswahili anatumia vyombo alivyoazimwa na jirani, na ni uungwana kukiri deni hilo.

Kando ya "dhambi" lipo neno letu la Kibantu, "kosa". Kitenzi "kukosa" kina maana mbili zinazoshikana: kutenda visivyo, na kutopata kilichokusudiwa. Mwindaji aliyekosa shabaha amekosa, na mtoto aliyemtusi mzazi amekosa. Mwanafunzi wa tanzia analifahamu neno la Kigiriki "hamartia" kutoka kwa Aristotle, ambalo asili yake ni huko huko kwenye kukosa shabaha. Ndilo neno ambalo Agano Jipya hulitumia mara nyingi zaidi kwa dhambi. Hivyo basi, Mswahili na Mgiriki, bila kushauriana, walifikia taswira moja.

Hata hivyo, kosa na dhambi si visawe. Kosa huweza kutokana na kutojua. Mtu hukosa njia, hukosa hesabu, hukosa jibu. Dhambi ina mtu aliyejua, na ina Mungu aliyeasiwa. Augustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, alilichimba jambo hili kwa undani katika kitabu chake cha Maungamo. Humo anasimulia jinsi yeye na wenzake, wakiwa vijana, walivyoiba matunda katika mti wa jirani. Hawakuwa na njaa. Mengi ya matunda hayo waliyatupia nguruwe. Kilichomtisha Augustino alipolikumbuka tendo hilo ni kwamba alivutiwa na ubaya wenyewe, na kwamba pengine asingalifanya hivyo peke yake. Wizi wa matunda ni jambo dogo, lakini ulimfunulia kwamba nia yenyewe ilikuwa imepinda. Mafunzo yanaweza kumrekebisha aliyekosa hesabu. Nia iliyopinda yahitaji tiba nyingine.

Mtu hufikaje mahali pa kuiona nia yake? Kiswahili husema kwamba dhamiri "humsuta" mtu. Kitenzi hiki kina historia ya kijamii. Kusuta ni kumkabili mtu ana kwa ana, mara nyingi mbele ya mashahidi, ili kauli au kitendo alichokikana kithibitike. Aliyesutwa hana tena pa kujificha. Lugha yetu imelihamisha baraza hilo la usuto hadi ndani ya kifua cha mtu: mshtaki, shahidi na mshtakiwa wote ni yeye. Tena neno "dhamiri" lina undugu na "dhamira", istilahi tunayoitumia kila siku katika uhakiki. Yote mawili yanahusu lililositirika ndani. Mhakiki huitafuta dhamira ya mtunzi nyuma ya maneno yake, na dhamiri huitafuta nia ya mtenda nyuma ya matendo yake.

Kisa kinachoonyesha hayo vizuri zaidi ni cha Mfalme Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na 12. Daudi alimtwaa Bathsheba, mke wa askari wake Uria. Mwanamke alipopata mimba, mfalme alijaribu kulificha jambo. Aliposhindwa, aliandika barua kwamba Uria awekwe mahali penye vita vikali kisha aachwe. Uria akafa. Tazama ujanja wa sarufi uliomo: taarifa rasmi ilikuwa kwamba Uria amekufa vitani, na taarifa hiyo ilikuwa kweli tupu. Mtenda ndiye aliyekuwa ameondolewa.

Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme hakuanza kwa kumshutumu. Alimtolea hadithi ya tajiri mwenye makundi ya mifugo aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi, hadhira ya hadithi hiyo, alimkasirikia tajiri na kumhukumu kifo. Hapo ndipo Nathani alipomwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Wahenga walisema kwamba nyani haoni kundule. Fasihi ya Nathani ilimpa nyani kioo. Sisi tunaoulizwa kila mara fasihi ina faida gani tungeweza kuwajibu wanaouliza kwa kisa hiki peke yake.

Daudi alijibu kwamba amemfanyia Bwana dhambi, naye akaambiwa kwamba amesamehewa. Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake huihusisha na tukio hilo, imejaa nafsi ya kwanza umoja tangu mwanzo. Lakini msomaji asisahau yaliyofuata. Mtoto aliyezaliwa alikufa, na upanga haukuondoka katika nyumba ya Daudi. Msamaha ulirejesha uhusiano wake na Mungu, haukumfufua Uria.

Pana haja hapa ya kutenganisha kusutwa na dhamiri na kuaibishwa na umati. Katika Injili ya Yohana, sura ya 8, mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi analetwa mbele ya Yesu ili apigwe mawe. Sheria ya Musa iliwahukumu wote wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume yuko wapi? Washtaki hawamtaji. Yesu anawataka wasio na dhambi waanze kurusha mawe, na wanaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Kisha anamwambia mwanamke kwamba hamhukumu, na kwamba asitende dhambi tena. Sentensi hizo mbili hazipaswi kutenganishwa. Baadhi ya makanisa yetu yameipenda ya pili na kuisahau ya kwanza: msichana aliyepata mimba hutengwa na Meza ya Bwana, ilhali mwanamume aliyehusika huendelea kuimba kwaya. Huko ni kuaibisha, na aibu humfundisha mtu kujificha zaidi. Dhamiri humtoa mafichoni kwa sababu kuna mahali pa kwenda.

Mahali hapo ndipo panapoitwa neema. Katika matumizi ya kawaida, neema ni wingi wa riziki: mwaka wa mvua nzuri ni mwaka wa neema. Maana hiyo si mbaya, lakini imewapa wahubiri wa mafanikio upenyo. Gari jipya huitwa neema, zabuni ya serikali huitwa neema, na hakuna anayeuliza zabuni ilipatikanaje. Katika nyaraka za Paulo, neema ni fadhili ambayo Mungu humpa asiyestahili, iliyogharimu msalaba. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyeuawa na utawala wa Wanazi mwezi Aprili mwaka 1945, aliwaonya Wakristo wenzake katika kitabu chake cha mwaka 1937 dhidi ya neema rahisi: msamaha unaotangazwa bila toba.

Wakenya wana mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 2023 na 2024 jina la Zakayo lilikuwa vinywani mwa wengi, likiwa lakabu ya Rais William Ruto kwa sababu ya kodi. Umma ulikumbuka kwamba Zakayo alikuwa mtoza ushuru na kwamba aliamriwa kushuka mtini. Nusu ya pili ya kisa ilisahauliwa. Yesu aliingia nyumbani mwa Zakayo kabla ya Zakayo kurudisha hata senti moja, jambo lililowafanya watu wanung'unike. Huko ndiko kutostahili. Kisha Zakayo akasimama na kuahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Neema ilitangulia, malipo yakafuata. Anayetaka malipo yatangulie ameigeuza neema kuwa biashara; anayetaka neema isiyofuatwa na malipo anatafuta maficho. Vivyo hivyo, Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kufika kwetu, ulijulikana kwa watu waliosimama hadharani kuungama, na kwa walioleta mali waliyoiba mikononi mwa wenyewe.

Je, taifa laweza kuungama? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wakiwemo wanawake na watoto. Februari mwaka huo, viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya walikiri hadharani kwamba walishindwa kuyakabili maovu kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wameegemea pande. Naihesabu kauli hiyo kuwa miongoni mwa kauli bora za kanisa katika historia yetu, kwa sababu ya kiambishi "tu-". Haikusema kwamba umoja ulivunjika. Ilisema nani alisaidia kuuvunja.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasilisha ripoti yake mwezi Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa dhuluma za serikali yake na zilizoitangulia, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Maneno yalikuwa mazuri, na yalihitajika. Lakini miaka ilipita na waathiriwa wakaendelea kungoja. Toba ya Zakayo isiyofika kwenye mfuko wa Zakayo imeishia mtini.

Najua wapo watakaopinga. Watasema kwamba mazungumzo ya dhambi huwatwika watu mzigo wa hatia usio na maana, na kwamba chuo kikuu ni mahali pa hoja. Nakubali kwamba dini imewahi kuitumia hatia kama mjeledi. Lakini kuliondoa neno "dhambi" hakuondoi jambo lenyewe; huliacha bila jina, na lisilo na jina haliungamwi. Mficha maradhi kifo humfichua. Wengine watasema kwamba msamaha wa bure utawafanya watu watende dhambi zaidi. Paulo alikumbana na hoja hiyo katika Waraka kwa Warumi, sura ya 6, na kuikataa: aliyesamehewa kweli amekufa kwa habari ya dhambi, naye hawezi kuifanya makao yake.

Nasi wanafunzi tusiyatazame haya kama mambo ya ikulu na madhabahu pekee. Tasnifu iliyoandikwa na mtu mwingine kwa malipo, kisha ikatiwa jina la mwanafunzi, ni uongo wa nafsi ya kwanza: "nimetafiti" pasi na kutafiti. Alama ya mtihani iliyobadilishwa kwa rushwa ina aliyetoa na aliyepokea, na mara nyingine aliyepokea ni mhadhiri. Hayo hayatendeki, hutendwa.

Sisi ndio walinzi wa lugha hii. Tutawahariri mawaziri, tutawaandikia wachungaji hotuba, tutawafundisha watoto viambishi. Mwanafunzi atakapotuletea insha yenye "makosa yalitendeka", tumwulize swali la kawaida la mwalimu wa sarufi: mtenda yuko wapi? Naye Mkristo miongoni mwetu ajiulize swali hilo hilo apigapo magoti, bila woga, kwa kuwa anayemsikiliza alikwisha kulijua jibu na bado akafungua mlango.