Kambi si mahali pa kutalii

Wasikilizaji wapenzi wa Uvira na Fizi, na ninyi ndugu zetu munaosoma hapa mukiwa chini ya shitingi, wengi mulisikia ripoti yangu ya dakika tatu juu ya wageni waliotembelea watu waliohama makwao. Nilisema hewani kwamba wageni hao « walijionea hali wenyewe ». Leo ninafuta hiyo sentensi. Nilikuwa ndani ya gari la tatu, na ninajua walichokiona.

Tuliondoka Uvira saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, magari sita, vioo vimefungwa. Kalundu, ambako mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda mpaka ndani ya nyumba za watu, tulipita mbio. Makobola vilevile. Hapo wamelala watu waliouawa mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999. Dereva alipunguza mwendo kidogo, sababu ya mbuzi.

Lakini mbele kidogo, pale ziwa linapoonekana lote na milima ya Burundi ng'ambo, msafara mzima ulisimama. Robo tatu ya saa! Wakatoa droni, ikapaa. Wamama waliokuwa wanatwanga sombe chini ya barabara waliacha vinu, wakavuta watoto ndani ya nyumba. Huku kwetu kitu kinacholia angani si mchezo. Hakuna aliyeshuka kuwaambia ni picha tu. Hata mimi sikushuka.

Sisemi ziwa lisiangaliwe. Nimezaliwa kando yake na sijachoka kuliangalia. Lakini karatasi ya safari iliandikwa « ziara kwa waliohama », na mafuta ya magari sita yalilipwa kwa jina lao.

Swima, Mboko, picha za ndagala juu ya mchanga. Kwenye bariera kamba iliinuliwa kabla hatujafika. Wenye moto waliopanga mstari pembeni na mizigo yao walitutazama tu. Lusenda, ambako Warundi wamekimbilia tangu 2015, haikuwa kwenye programu.

Kambini tulifika saa nane na dakika kumi. Watu walikuwa wamepangwa juani tangu saa mbili ya asubuhi. Watoto wakaimba. Mama mmoja akapewa nafasi ya kusema. Akaeleza kwamba pampu ya maji imekufa, kwamba wanachota ziwani, kwamba binti wa jirani yake alishikwa njiani akienda kuchota usiku. Alisema muda mrefu, bila kulia. Mgeni akauliza: anasema nini? Mtafsiri akajibu: anashukuru sana kwa ziara na anaomba musaidie upande wa maji.

Nilisikia lugha zote mbili, na nilinyamaza. Dakika ishirini na mbili kwa saa yangu, tukaondoka.

Baraka tulikula mikeke kwa zaidi ya saa moja na nusu. Mgeni mmoja akatueleza kwamba lile ghuba mbele ya Ubwari linaitwa Burton, jina la Mwingereza. Ndiyo, bwana. Burton na mwenzake Speke walifika Uvira kwa mtumbwi mwaka 1858, wakaangalia, wakageuka. Na maji yetu yakabaki na jina lake.

Najua mutanijibu: usalama, wageni hawawezi kulala huko. Mbona muuguzi analala huko, na mwalimu, na mama anayeuza mihogo? Kama mahali ni pabaya hata mgeni mwenye walinzi asilale usiku mmoja, basi hiyo ndiyo habari ya kwanza ya kuandika kwenye ripoti. Wengine watasema: ukiwakaripia, msaada utakatika. Msaada gani unatoka kwenye neno « anashukuru »? Kamati ya kambi ichague mtafsiri wake yenyewe, na yaliyoandikwa yasomwe kwa sauti mbele ya watu kabla gari halijawashwa. Hiyo haigharimu franka moja.

Na sisi wandishi wa habari tusijifiche nyuma ya wageni. Nilipokea bahasha ya usafiri kama wenzangu, nikala samaki, na jioni nikasoma hewani karatasi waliyoniandalia. Yule mama hakuwemo ndani yake.

Wiki iliyopita nilirudi kwa moto, nikalipa bariera kama kila mtu, nikalala kambini kwa familia moja. Saa kumi ya usiku nilisikia bidoni zikigongana gizani, wamama wanateremka ziwani wakiitana majina ili wasipotezane. Nilirekodi. Nilimkuta pia yule mama, akakubali kusema tena, jina lake lisitajwe. Kesho jioni baada ya habari nitapitisha yote, maneno yake mwanzo mpaka mwisho, bila mtafsiri.