Kopo Lina Nini?

Wanaotushauri kuhusu mkorogo ni makundi mawili, na yote yanatukosea. La kwanza linauza: "Hii inafanya kazi, dada, wiki mbili tu." La pili linahubiri: "Jipende ulivyo." Ukiuliza kopo lina nini, kimya.

Mimi chuo niliacha njiani, lakini kusoma lebo hakuhitaji digrii. Wacha tuyapange makopo mezani.

Zebaki inang'arisha, tena haraka. Inazuia ngozi kutengeneza melanini, halafu inapenya mwilini na kuharibu figo. Mjamzito akiipaka, inaweza kumfikia mtoto tumboni.

Klobetasoli ni steroidi kali, dawa ya magonjwa ya ngozi, si kipodozi. Mwanzoni uso unatakata, unateleza. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, chunusi zinafuata. Ukiacha ghafla, uso unawaka moto, unarudi dukani mbio. Muuzaji anajua utarudi.

Haidrokwinoni ina ushahidi mwingi kwa madoa. Daktari wa ngozi huitoa, mara nyingi asilimia 2 hadi 4, kwa miezi michache, kisha anakusimamisha. Ukijipaka mwili mzima kwa miaka, inaweza kukuletea okronosisi: weusi wa kibuluu, mgumu kutoka, palepale ulipotafuta weupe. Afrika Kusini iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Hapa kwetu KEBS imekataza vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Lakini bado vinauzwa, bana, mchana kweupe.

Halafu kuna asidi azelaiki, niasinamidi na vitamini C. Hizi zinaenda polepole. Asidi azelaiki ya asilimia 20 imewahi kupimwa dhidi ya haidrokwinoni ya asilimia 4 kwa melasma, yale mabaka ya usoni, na matokeo yakakaribiana baada ya wiki 24. Miezi sita hiyo! Na bila mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, unatwanga maji kwenye kinu.

Umeona mpangilio? Kinachokupa mwili mzima rangi ya thao kwa wiki mbili ndicho kinachokula figo na ngozi. Kilicho salama kinafifisha madoa tu, hakibadilishi rangi uliyozaliwa nayo. Kopo la tatu, lenye kasi ya lile na usalama wa hili, halipo. Anayekuuzia anakudanganya.

Sasa nyinyi wahubiri. Huyo dem mnayemcheka si mjinga. Ameona nani anawekwa mapokezi, nani anapewa nafasi ya mbele kwenye video, nani anaitwa mrembo na shangazi zake mwenyewe. Amepiga hesabu mliyomfundisha. Mkimcheka, ataficha uso wake hata kwa daktari, na mkorogo atauendea River Road kimyakimya.

Kwa hivyo aibu hiyo wapelekeeni wanaoingiza mizigo na kuchanganya ndoo kwa ndoo. Serikali iache kukimbizana na mama wa kibanda, ipande hadi kwenye maghala.

Na wewe unayepaka: kopo lisilotaja vilivyomo, liache dukani. Kama umeshazoea steroidi, usikate ghafla peke yako, muone daktari. Ukimuona, beba kopo. Huna haja ya kumuomba mtu msamaha.